Bunduki ya mrao ilikuwa nzito na ya polepole: kwa nini Ulaya iliacha upinde?

Podo_Tupu ameuliza:

Wakuu, salaam. Ninasoma historia ya vita vya Ulaya, karne ya 14 hadi ya 17, na kuna jambo halijanikaa sawa. Mpiga upinde hodari wa Kiingereza husemwa aliweza kuachia mishale sita hadi kumi kwa dakika. Mwenye bunduki ya mrao, ile inayowashwa kwa kamba inayofuka moto, akitoa risasi moja kwa dakika, amejitahidi. Mvua ikinyesha anabaki na fimbo mkononi. Usiku mrao wake unaonekana kwa mbali, tena unanuka. Hata hivyo, kufikia mwaka 1600 pinde zimetoka kabisa kwenye majeshi makubwa.

Naomba mnieleze mambo mawili. Kwanza, majina haya, mzinga wa mkononi, arkebusi na masketi, ni vitu tofauti kweli au ni kitu kimoja kilichobadilishwa jina? Pili, ni kitu gani hasa kilichoipa bunduki ushindi wakati kwa kasi ilikuwa nyuma? Jibu la "bunduki ina nguvu zaidi" nimeshalikuta kila mahali. Nataka kujua nguvu hiyo ilipatikanaje, na kwa taabu gani.

---

Fundi_Kasiba amejibu:

Mkuu Podo, nianze na majina, maana hilo la kasi halitaeleweka kabla hujaviona vyuma vyenyewe.

Bunduki ya kwanza ya mkononi ilikuwa mzinga mdogo uliopachikwa kwenye mti. Uliochimbuliwa Loshult, kusini mwa Uswidi, mwaka 1861 una urefu wa sentimita 30 tu lakini uzito wake unafika kilo 9, na umbo lake ni kama chupa yenye tumbo. Huo ulihitaji kufungwa kwenye ubao. Sasa uweke kando ya ule wa Tannenberg, Hesse, nchini Ujerumani. Ngome ya Tannenberg ilibomolewa mwaka 1399, na bunduki ikaja kukutwa kisimani mwaka 1849, kwa hiyo umri wake hauna ubishi mkubwa. Ni ya shaba nyeusi, urefu sentimita 32, tundu la milimita 17 hivi, uzito kilo moja na robo. Nyuma ina shimo la kuchomekea mpini wa mti. Ukichungulia ndani, chumba cha baruti ni chembamba kuliko njia ya risasi iliyo mbele yake.

Mtumiaji alibana mpini kwapani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akapeleka utambi au waya uliokolezwa moto kwenye kitundu kilicho juu ya kasiba, yaani bomba la bunduki. Hapo ndipo tatizo lilipo. Kitundu ni kidogo, hivyo macho lazima yaende kwenye kitundu, na yakienda huko hayapo kwa adui. Ndiyo maana michoro mingine ya zamani inaonyesha watu wawili: mmoja anaelekeza, mwingine anawasha. Kitundu kikiwa juu, upepo unapeperusha baruti ya kuwashia na tone moja la mvua linaingia moja kwa moja. Baadaye kilihamishiwa ubavuni, upande wa kulia, kikawekewa kisahani cha kushikilia baruti, kisha kisahani kikapata kifuniko. Mabadiliko hayo matatu madogo ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Bila kisahani chenye kifuniko huwezi kutembea na bunduki iliyokwisha tiwa baruti ya kuwashia.

Kasiba fupi nayo ina hasara yake. Gesi ya baruti inaisukuma risasi muda wote risasi ikiwa ndani ya kasiba. Kasiba ya sentimita 30 inaiachia mapema, na sehemu ya baruti inaunguzwa nje, hewani, bila kazi. Kurefusha kasiba kulidai uhunzi mzuri: bamba la chuma linakunjwa kuzunguka fimbo, kingo zinaunganishwa kwa moto na nyundo, kisha tundu linasuguliwa lilingane. Mshono ukiwa na takataka ndani, kasiba inapasuka hapohapo kwenye mshono.

Halafu baruti. Ile ya awali ilikuwa unga mkavu wa vitu vitatu vilivyochanganywa: shura, makaa na kiberiti. Ukiipakia kwenye mkokoteni, ikitikiswa safari nzima inajitenga, kizito chini na chepesi juu. Tena unga ukishindiliwa sana moto hauna pa kupita, ukilegezwa sana unawaka bila nguvu. Katika karne ya 15 watengenezaji walizoea kuilowesha mchanganyiko huo na kuukausha uwe punje, kama chenga za mchele. Kati ya chenga na chenga kuna nafasi, moto unapita mara moja, na kila chenga ina vitu vyote vitatu ndani yake, hivyo safari haiichambui. Nguvu iliongezeka kiasi kwamba kasiba za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya unga zilikuwa hatari kuzitumia na baruti ya chenga.

Kuhusu jina arkebusi, asili yake ni Kijerumani: bunduki yenye kulabu. Chini ya kasiba kulikuwa na jino la chuma. Askari aliye ngomeni aliliangika kwenye ukingo wa ukuta, teke la bunduki likapokewa na ukuta badala ya bega. Baadaye kulabu ikatoka lakini jina likabaki, likawa la bunduki nyepesi ya kilo 4 au 5 yenye kitako cha kuegemeza begani au kifuani na mtambo wa kuwashia. Masketi ndiyo kaka yake mkubwa. Ilitokea kwenye majeshi ya Hispania katika nusu ya kwanza ya karne ya 16, uzito wa kilo 7 hadi 9, ikapigwa kwa kuegemezwa kwenye mti wa panda. Kazi yake ilikuwa kutoboa deraya (mavazi ya chuma) nzuri ambazo arkebusi ilikuwa inazishindwa. Mtawala wa Alba alipoongoza jeshi la Hispania kwenda Uholanzi mwaka 1567, aliweka watu 15 wa masketi katika kila kombania, na waliobaki wakawa wa arkebusi na mikuki. Kwa hiyo jibu ni kwamba ni silaha tofauti, na kwa muda mrefu zilitumika pamoja.

---

Mtambo_na_Mrao amejibu:

Fundi_Kasiba ameeleza bomba vizuri. Naongezea mtambo, kwa sababu kwangu mimi bunduki ya mkononi inazaliwa siku ile macho yalipoachiliwa huru kutoka kwenye kitundu.

Kuna hati ya mwaka 1411 iliyohifadhiwa Vienna inayoonyesha chuma chenye umbo la herufi S kilichopigiliwa msumari katikati, ubavuni mwa bunduki. Kichwa cha juu kinashika mrao, mkia wa chini unavutwa kwa vidole, kichwa kinainama kwenye baruti. Basi, hakuna zaidi. Lakini mkono wa kushoto sasa unashika bunduki, wa kulia unashika bunduki na kuwasha kwa wakati mmoja, na macho yanaangalia mbele.

Mitambo ya baadaye katika karne hiyo ilikuwa ya aina mbili. Moja ilikuwa na kamani (springi) iliyokazwa: unabonyeza, kichwa kinaruka na kugonga kisahani. Ni ya haraka na haiitikisi bunduki, lakini mrao ukigonga kwa nguvu mara nyingi kaa lake huzimika palepale. Aina ya pili ina wenzo mrefu chini ya kitako. Ukivuta, kichwa kinashuka polepole kadiri mkono unavyovuta, na ukiachia kamani inakirudisha juu. Hiyo ndiyo majeshi ya Ulaya yaliichagua. Ile ya kuruka ilikwenda Asia na Wareno, na Wajapani wakaikamilisha kwa namna yao.

Mrao wenyewe ni kamba ya katani au kitani iliyoloweshwa kwenye maji ya shura na kukaushwa. Inafuka polepole bila mwali, kama sentimita 30 kwa saa. Sasa piga hesabu. Askari huwasha ncha zote mbili, ili moja ikizimika awashe kwa nyingine. Hiyo ni sentimita 60 kwa saa kwa mtu mmoja. Watu 1,000 kwenye lindo la usiku linalodumu saa nane wanateketeza karibu mita 4,800 za kamba, na hakuna risasi hata moja iliyopigwa. Ndiyo sababu makamanda waliagiza mtu mmoja kati ya kadhaa aweke mrao wa moto, wengine waje wawashe kwake hatari ikitokea.

Kuhusu kasi ya kupakia, Jacob de Gheyn alichora hatua zote katika kitabu kilichotoka The Hague mwaka 1607: picha 42 za bunduki nyepesi, 43 za masketi na 32 za mkuki. Nyingi ni mkao wa mkono tu, lakini mpangilio wake unastahili kusomwa kwa makini, maana kila hatua imewekwa pale ilipo kwa sababu ya ajali fulani.

Umekwisha piga. Jambo la kwanza kabisa, kabla hujagusa baruti, ni kuutoa mrao kwenye mtambo na kuurudisha kati ya vidole vya mkono wa kushoto, ncha za moto zikiwa mbali na mwili. Ukilisahau hilo, baruti utakayotia kisahanini itawaka usoni mwako. Kisha unapuliza kisahani kuondoa cheche na masizi. Unatia baruti laini kidogo kutoka kwenye kichupa kidogo. Unafunga kifuniko. Unaikung'uta bunduki ubavuni, kisha unapuliza tena punje zilizobaki juu ya kifuniko, kwa sababu punje moja iliyobaki nje itashika moto mrao ukipita karibu. Sasa unaigeuzia bunduki upande wa kushoto, kitako karibu na ardhi, mdomo karibu na kifua. Unafungua kichupa cha mti chenye baruti ya shoti moja, unamimina yote, unatia risasi. Unachomoa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, unaupigiza kifuani ili mkono uushike kwa ufupi, unashindilia, unauchomoa, unaurudisha mahali pake. Unainua bunduki. Unapuliza kaa la mrao, unaufunga kwenye mtambo, unaujaribu kwa kuushusha taratibu uone kama unaangukia katikati ya kisahani. Unafunika kisahani kwa vidole viwili, unapuliza kaa mara ya mwisho, unafungua kifuniko, unaelekeza, unavuta.

Makosa yanayojirudia ni haya. Mrao uliofungwa mrefu unalegea na kuangukia nje ya kisahani. Uliofungwa mfupi unazimikia kwenye meno ya mtambo. Mdeki uliosahauliwa ndani unaruka na risasi, na askari hana tena cha kushindilia siku hiyo. Risasi isiyofika chini, ikaacha nafasi kati yake na baruti, inaivimbisha kasiba kama pete au kuipasua. Na lile la kisahani kuwaka huku bunduki ikinyamaza: kitundu kimezibwa na masizi, kinahitaji kuzibuliwa kwa sindano ya chuma.

Masizi hayo si kitu kidogo. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hubaki kama uchafu mgumu badala ya kuwa gesi. Baada ya shoti kadhaa kasiba inabana. Ndiyo maana Waholanzi walipoweka vipimo rasmi mwaka 1599 waliagiza masketi yenye tundu la risasi 10 kwa ratili, lakini risasi zenyewe zikayeyushwa kwa kipimo cha 12 kwa ratili. Ukitumia ratili ya Amsterdam ya gramu 494, tundu ni milimita 20.3 na risasi ni milimita 19.1. Nafasi ya zaidi ya milimita moja iliachwa kwa makusudi ili risasi idondoke yenyewe hata kasiba ikiwa chafu. Bei yake ni shabaha: risasi inagongagonga kuta za kasiba ikitoka, na inakwenda upande inakotupwa na mgongano wa mwisho. Anayelaumu shabaha mbaya ya masketi akumbuke kwamba iliuzwa ili kununua kasi.

---

Medani amejibu:

Sasa nije kwenye swali lako la pili, Podo.

Kwanza tuuondoe mlinganisho usio wa haki. Upinde mrefu wa Kiingereza ulikuwa silaha ya nchi moja na desturi moja. Sehemu kubwa ya bara bunduki haikushindana nao, ilishindana na upinde wa mtambo, ule wenye kitako na kifyatulio. Upinde wa mtambo wenye fito la chuma cha pua ulivutwa kwa winchi au kwa wenzo wa meno, na kasi yake haikuwa mbali na ya arkebusi. Hapo bunduki ilishinda kwa bei na kwa nguvu, bila kupoteza kasi ya maana.

Pili, upinde mrefu unadai mwili maalumu. Kwenye meli ya Mary Rose iliyozama mwaka 1545 zilipatikana pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500. Wataalamu wanakadiria nguvu ya kuzivuta kuwa kati ya kilo 45 na 80 hivi. Mtu hafiki huko kwa mwezi mmoja. Edward III aliagiza mazoezi ya upinde siku za sikukuu mwaka 1363, na wafalme waliomfuata walirudia amri kama hiyo mara kwa mara, dalili kwamba watu walikuwa wanaacha. Na askari aliyevuta upinde huo akiwa na afya nyumbani hauvuti vilevile baada ya wiki sita za njaa na kuharisha kambini. Nguvu ya bunduki imo kwenye kichupa. Anayeumwa akiweza kuvuta wenzo, risasi inakwenda na nguvu ileile. Baraza la Uingereza lilipoamua mwaka 1595 kwamba wapiga upinde wasihesabiwe tena kama askari wenye silaha kamili kwenye vikosi vya mafunzo, mabishano yalikuwa yamedumu miaka mingi, na waliotetea upinde hawakuwa wajinga. Walikuwa sahihi kuhusu kasi.

Tatu, nguvu. Mshale mzito una jouli mia moja na kitu. Bunduki za ghala la silaha la Graz, Austria, zilipofyatuliwa kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1980, masketi zilitoa risasi kwa wastani wa mita 450 hivi kwa sekunde. Chukua ile risasi ya 12 kwa ratili ya Mtambo_na_Mrao, gramu 41 hivi: nusu ya uzito wake kwa kilo, uizidishe kwa kasi hiyo, kisha tena kwa kasi hiyohiyo, unapata jouli zaidi ya 4,000. Risasi ya duara inapungua kasi haraka hewani, kwa hiyo kwenye mita 100 nguvu hiyo imeshuka sana, lakini bado mshale hauifikii.

Sasa kile ninachokiona ndicho kiini. Bunduki ilijifunza kushinda ikiwa imejificha. Angalia mfuatano. Wahussi wa Bohemia, kati ya 1419 na 1434, chini ya Jan Žižka na waliomfuata, waliyapanga magari ya farasi kuwa boma, wakaunganisha magurudumu kwa minyororo, wakashusha mbao ubavuni, na wenye bunduki wakapiga kutoka ndani. Udhaifu wa dakika moja ya kupakia ukafunikwa na ubao. Cerignola, Italia, tarehe 28 Aprili 1503: Gonzalo Fernández de Córdoba alichimba handaki mbele ya watu wake, wapanda farasi wa Ufaransa wakakwama ukingoni, na kamanda wao, mtawala wa Nemours, akauawa kwa risasi. Bicocca, karibu na Milano, tarehe 27 Aprili 1522: Prospero Colonna alichagua barabara iliyozama chini ya usawa wa shamba, nyuma yake ukuta wa udongo, na juu ya ukuta wakapangwa wa arkebusi kwa safu nne. Waswisi walishuka barabarani wakiwa na mikuki isiyofika juu. Walikufa 3,000 hivi. Jeshi lililokuwa linaogopwa kuliko yote Ulaya halikuwahi kushambulia tena kwa namna ile.

Pavia, tarehe 24 Februari 1525, ndiyo inayotofautiana. Pale wa arkebusi wa Hispania walipigana ndani ya bustani ya mawindo, wakijikinga kwa miti na vichaka badala ya handaki, na mfalme Francis I akakamatwa. Lakini uwanda wazi kabisa bado ulikuwa hatari kwao. Hapo kinga yao ilikuwa mikuki. Mkuki wa mita 5 hauwezi kumfikia mwenye bunduki aliye mbali, na bunduki isiyo na risasi haiwezi kumzuia farasi. Kila mmoja alimfunikia mwenzake.

Hatua iliyofuata ilianzia kwenye karatasi tu. Tarehe 8 Desemba 1594 Willem Lodewijk wa Nassau alimwandikia binamu yake Maurits barua yenye mchoro. Alikuwa amesoma mwandishi wa kale wa Kigiriki, Aelian, kuhusu mazoezi ya safu, akaona yanafaa kwa bunduki. Safu ya mbele inapiga, inageuka, inapita kati ya wenzake hadi nyuma kabisa, inapakia ikitembea kadiri safu zinavyosogea. Ukiwa na safu 10 na kila mtu anahitaji dakika moja, adui anapokea mlipuko kila baada ya sekunde 6. Hakuna aliyeharakisha mkono wake hata kidogo. Jibu la kasi uliyoiulizia ni hilo: ya mtu mmoja ilibaki vilevile, ya kikosi ikawa kubwa. Na ndipo unaona kwa nini picha za de Gheyn zilihitajika. Mtu mmoja akikosea mpangilio, anawachelewesha kumi, au anamuunguza jirani mwenye vichupa 12 vya baruti kifuani.

---

Podo_Tupu amejibu:

Nashukuru sana wakuu, hesabu ya mita 4,800 za mrao imenifungua macho. Sasa linakuja jingine. Mtambo wa gurudumu ulijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 16, na hauhitaji mrao kabisa. Kwa nini majeshi yaliendelea kuhangaika na kamba inayofuka kwa karibu miaka 200 zaidi? Na mvua, walifanyaje?

---

Mtambo_na_Mrao amejibu:

Ukiufungua mtambo wa gurudumu jibu utaliona mwenyewe. Kuna gurudumu la chuma cha pua lenye mifereji ukingoni. Ekseli yake imefungwa kijinyororo cha pingili tatu hivi, na mwisho wa kijinyororo umeshika kamani nene. Unachukua ufunguo, unazungusha ekseli kama robo tatu ya mzunguko, kijino kinaingia na kulizuia. Unashusha mkono wa chuma unaoshika jiwe la pairaiti hadi liguse kifuniko cha kisahani. Ukivuta kifyatulio, gurudumu linazunguka, kifuniko kinajisogeza, jiwe linaangukia gurudumu, cheche zinamwagika ndani ya baruti. Kikiwa safi kinawaka haraka kuliko mtambo wowote wa wakati ule.

Lakini jiwe lazima liwe pairaiti. Gumegume, lile jiwe la kupigia cheche, ni gumu mno, linakula mifereji ya gurudumu. Pairaiti nayo inavunjikavunjika, vumbi lake linaingia kwenye nafasi kati ya gurudumu na kisahani, pamoja na masizi ya baruti, na gurudumu linaanza kusita. Pingili ikikatika uwanjani hakuna wa kuiunga. Kamani ikiachwa imekazwa siku nyingi inachoka. Ufunguo ukipotea umebaki na rungu. Zaidi ya yote, ni kazi ya fundi anayejua saa na makufuli, na bei yake ilikuwa mara kadhaa ya mtambo wa mrao, ambao mhunzi wa kawaida anautengeneza kwa vipande vichache. Kumpa kila askari wa miguu ni jambo lisilowezekana kwa hazina ya mfalme yeyote wa wakati huo.

Uliwafaa wapanda farasi. Mtu aliye juu ya farasi hana mkono wa tatu wa kushika kamba ya moto, na bastola iliyokazwa inaweza kukaa kwenye ala hadi itakapohitajika. Wajerumani waliojulikana kama reiter walibeba mbili au zaidi, wakasogea safu kwa safu, wakapiga, wakageuka. Shida ni kwamba bastola ilihitaji kukaribia sana ndipo itoboe deraya, na wengi walipiga mapema. Silaha inayofichika chini ya joho ilizitia hofu pia serikali. Maximilian I aliipiga marufuku kwenye nchi zake kabla ya mwaka 1520.

Mvua haikuwa na dawa kamili. Kisahani kilipakwa nta au mafuta kuzunguka kifuniko, mrao ukafichwa ndani ya kofia au chini ya mkono, wengine walikuwa na kibomba cha bati chenye matundu cha kubebea ncha ya moto. Mvua kubwa ikija, vita viliachiwa mikuki na panga. Lakini usisahau kwamba uzi wa upinde nao ukilowa unalegea.

---

Fundi_Kasiba amejibu:

Naongezea kilichoumaliza mrao kabisa. Marin le Bourgeoys, fundi wa Lisieux, Ufaransa, aliunda karibu na mwaka 1610 mtambo ambao jiwe la gumegume linapiga bamba la chuma, na bamba hilohilo ndilo kifuniko cha kisahani, kipande kimoja kilichokunjwa pembe. Jiwe likipiga, cheche na kufunguka vinatokea kwa pamoja. Pia aliweka hatua ya nusu, bunduki imepakiwa na haifyatuki. Hata hapo majeshi hayakukimbilia. Waliopewa kwanza ni walinzi wa mizinga na mapipa ya baruti, kwa sababu iliyo wazi: humweki mtu mwenye kamba ya moto kando ya magari ya baruti. Ufaransa iliunda kikosi cha namna hiyo mwaka 1671, na mwaka 1699 ikaamuru mrao uondolewe jeshini.

Kwa anayesoma maandishi ya pwani yetu, maneno yote mawili yapo hai kwenye Kiswahili cha zamani: bunduki ya mrao, na gumegume kwa ile iliyofuata. Mrao haukuwa kumbukumbu ya Ureno pekee. Omani bunduki za aina hiyo ziliitwa kwa jina la Kiarabu lenye maana ya baba wa utambi, na zilitumika hadi karne ya 19, wakati Ulaya zilikuwa zimeshaingia makumbusho.

---

Medani amejibu:

Kitu kimoja zaidi, maana Podo atauliza mikuki ilikwenda wapi. Nafasi yake ilichukuliwa na singe, kisu kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki. Singe za kwanza zilikuwa na mpini wa mti wa kuchomeka ndani ya mdomo wa bunduki, kwa hiyo ukichomeka huwezi kupiga tena, na ukipiga huna mkuki. Killiecrankie, Uskoti, tarehe 27 Julai 1689, askari wa serikali chini ya Hugh Mackay walipiga mara chache, na wakiwa katika kuchomeka singe Waskoti wa milimani wakawafikia na panga. Mackay baadaye alitumia singe ya pete inayozunguka nje ya mdomo na kuacha tundu wazi. Aina hiyo ya singe, ilipoenea na kuwa bomba fupi lenye kufuli la mkato wa pembe, ndiyo iliyoruhusu Ufaransa kuondoa mikuki ya mwisho mwaka 1703. Kuanzia hapo mwenye bunduki alijilinda mwenyewe kwenye uwanda wazi, bila boma la magari, bila handaki na bila mtu wa mkuki ubavuni.